Nilivyofafanua Sanamu Nikiwa Nimelipa Mgongo

Jamani, hiki kisa nilikuwa nimeapa simsimulii mtu, lakini kwa vile nusu ya kijiji hiki cha Mogitu walikuwepo na nusu iliyobaki wameshahadithiwa, bora mnisikie mimi mwenyewe kuliko mkutane nacho mnadani kikiwa kimetiwa chumvi (kuna wanaosema nilizimia, si kweli, nilikaa chini tu, tena kwa hiari yangu).

Mimi ni mwalimu wa Historia, mtu wa Tanga, nimeletwa huku Hanang na ajira, na huu mwaka wa nne sijazoea baridi. Pamoja na Historia nalea klabu ya kompyuta, wanafunzi kumi na wawili na kompyuta moja, tunakutana Jumamosi asubuhi. Sasa mdogo wangu alikuwa ameniwekea gemu kwenye hiyo kompyuta, gemu la ufalme wa kubuni, lina majoka, lina wachawi, na chini ya mlima kuna gereza. Hilo gereza halina askari hata mmoja! Kuna masanamu tu ya mawe, marefu kuliko mnara wa simu, yameinama yanakutazama, na wewe mfungwa ni kidude kidogo kinajipitia katikati ya miguu yao, kichwa chini.

Felista, mwenyekiti wa klabu, binti wa kidato cha tatu ambaye kumsikia sauti yake ni bahati, akaniuliza, "Madam, milango iko wazi, mbona wafungwa hawatoki?"

Wee! Mwalimu wa Historia umuulize swali kama hilo halafu utegemee kwenda nyumbani mapema? Niliongea saa nzima na nusu. Nikawaambia mtawala dhalimu hawezi kuwa kila mahali, kwa hiyo anachonga sura yake kubwa anaisimamisha kila kona, watu wakipita chini yake wanajiona wadogo, wanajinyamazisha wenyewe, na hapo askari wa nini tena? Watoto wakawa wananisikiliza kimya kabisa, hakuna hata wa kukohoa, na mimi kwa ujinga wangu nikaona hapo nafundisha haswa.

Bahati mbaya Mkuu wa shule alikuwa anapita dirishani, akaona joka kwenye kioo cha kompyuta linatema moto. Jumatatu akaniita. "Madam, serikali imetupa kompyuta ili watoto wafukuzane na majoka?" Nikajitetea weee, mwisho akasema siku ya wazazi klabu ionyeshe faida yake mbele ya watu, wazazi wasipoiona, kompyuta inarudi ofisini kwake na klabu imekufa. Nikamfikiria Felista, alishanieleza kwamba anataka kusomea kompyuta, na kwao hakuna hata umeme. Kompyuta aliyowahi kuigusa maishani mwake ni hiyo moja.

Nikaamua tuigize lile gereza jukwaani, na sanamu walitengeneze wao. Nikawaambia, "Sura chagueni wenyewe. Mfikirieni mtu ambaye hata akiwa hayupo, ukimkumbuka tu unakaa kimya. Na msinionyeshe mpaka siku yenyewe, nataka nishangae pamoja na wazazi." Hiyo sentensi ya mwisho, jamani, ndiyo iliyoniponza. Nilidhani watachonga mfalme fulani wa kwenye vitabu, au wakizidi sana watamchonga Mkuu (na nakiri mbele yenu, nilikuwa naombea hivyo).

Wiki mbili walijifungia stoo na fito, udongo, mabua ya ngano na majivu ya jikoni. Mara nyingine wawili watatu wanakuja ofisi ya walimu, wananitazama, wanatoka. Siku moja Felista akaniuliza, "Madam, hebu geuka kidogo upande." Nikageuka! Nikajisemea, hawa watoto wananipenda sana.

Siku ikafika. Bwalo limejaa, wazazi wametoka mpaka Basotu, mstari wa mbele amekaa Mzee Boay, babu yake Felista, na shuka lake na fimbo katikati ya magoti, pembeni yake Mkuu amekunja mikono. Nikaamkia, nikaitikiwa, nikapanda jukwaani na karatasi yangu ya maelezo. Felista akavuta turubai lililofunika sanamu nyuma yangu, nikasikia ukumbi mzima unavuta pumzi. Mtu mwenye akili timamu angegeuka. Lakini mimi chuoni nilifundishwa kwamba mwalimu bora hawapi wanafunzi mgongo, basi nikakaza macho kwa wazazi nikaanza.

"Wazazi wangu, tazameni macho yake! Makubwa, ili kila mtu ajue anaonwa."

Kicheko kidogo. Nikafurahi, kumbe wanaelewa.

"Tazameni mdomo ulivyobinywa! Huyu hasubiri jibu, huyu anasubiri ukosee."

Wakacheka zaidi, kina mama wa nyuma wakaanza kupigana vibega. Mwenzenu nikapata moto, karatasi nikaiweka chini.

"Mtu wa namna hii, wazazi wangu, akipita mnanyamaza, na yeye anadhani ni heshima! Hana rafiki! Hata chai anakunywa peke yake!"

Ukumbi ukaripuka. Kuna baba mmoja alikuwa anajifuta machozi kwa kofia. Hata Mkuu, ambaye tangu nimjue sijawahi kuona meno yake, nikayaona. Nikasema moyoni, klabu imepona. Wakati huohuo mlango wa pembeni ukafunguka, wakaingia watoto wa kidato cha kwanza waliokuwa wamechelewa kwa kuteka maji ya wapishi. Wakasimama ghafla, wakanyooka, wakasema kwa pamoja, "Shikamoo Madam!"

"Marahaba," nikaitikia.

Ila hawakuwa wananitazama mimi. Walikuwa wanatazama juu ya kichwa changu.

Nikageuka.

Kwanza niliona skafu. Skafu nyekundu, imezungushwa shingoni mara tatu, kama hii ninayovaa jua liwake lisiwake kwa sababu ya hii baridi yenu. Halafu miwani ya waya, imepinda upande uleule ilipopinda ya kwangu. Halafu sweta, na kifungo cha pili hakipo. Na kidole! Kidole kirefu kimenyooshwa kuwaelekea watu, kile ninachonyoosha darasani nikiuliza swali. Yaani walichonga vizuri, nawapa haki yao, hata mama yangu mzazi angelipokea mizigo hilo sanamu na kulikaribisha ndani.

Nikarudi nyuma hatua moja, nikakanyaga turubai, nikateleza, nikadaka kitu cha kwanza nilichokiona, ambacho kilikuwa bega langu la udongo. Likatikisika. Kichwa, ambacho kumbe walikijenga juu ya kibuyu, kikachomoka, kikadunda jukwaani, kikabingirika mpaka mstari wa mbele, na Mzee Boay akakizuia kwa fimbo. Akainama taratibu, akakiokota, akakipangusa vumbi.

"Pole, mwalimu," akasema. "Kichwa chako hiki hapa."

Sitaelezea vile vicheko. Kuna watu walitoka nje kabisa wakapumue.

Ila Mkuu akasimama, na kukawa kimya. "Madam, nani amesimamia jambo hili?"

Aibu ilikuwa imeshageuka hasira, nawaambia ukweli, nilikuwa nachemka. Nikapaza sauti, "Felista! Njoo hapa!" Mama mmoja kule nyuma akapiga kelele, "Kidole! Kile kile!" Nikatazama mkono wangu. Umenyooka mbele, kidole juu, na nyuma yangu lile sanamu lisilo na kichwa limenyoosha cha kwake vilevile, tumesimama mimi na mwenzangu.

Na Felista anakuja. Anapita katikati ya watu, kichwa chini, mdogo kuliko nilivyowahi kumwona. Pale moyo ukaniuma, acheni tu. Nilijua nikitamka neno moja baya mtoto anaadhibiwa na kompyuta inaondoka, na hakuna atakayenilaumu.

Nikashusha mkono. Nikakaa chini palepale ukingoni mwa jukwaa (ndiko huko kuzimia wanakokusema). Nikamuuliza polepole, "Felista, watu wote duniani, mbona mimi?"

"Tulipiga kura, Madam. Kila mtu aliandika jina kwenye kikaratasi. Vyote kumi na viwili vilikuwa na jina moja."

"Hata cha kwako?"

Akainua uso, akanitazama. "Hata cha kwangu, Madam."

Nilitaka kulia, kikatoka kicheko, halafu na machozi yakaja hivyohivyo, vyote kwa pamoja. Nikamwambia Mkuu, "Hawa watoto wamelielewa somo kuliko mimi niliyelifundisha. Usiwaguse, tafadhali."

Mzee Boay, kichwa changu kikiwa bado mapajani mwake, akasema, "Mimi sikusoma. Lakini hiki kitu nimekielewa tangu mwanzo mpaka mwisho. Zamani sisi tungefanya hivi, mwalimu angetuchapa mpaka jioni. Waachieni hiyo kompyuta yao." Makofi yakapigwa, na Mkuu akaona wazi kwamba hakuna cha kubishana. Klabu ikabaki. (Jioni alinivuta pembeni akaniuliza kwa sauti ya chini kama kuna kikaratasi hata kimoja kilichokuwa na jina lake. Nikamwambia hakuna. Nadhani iliuma kidogo.)

Basi mwenzenu nimekoma. Sitaki tena kushangazwa, na sifafanui tena kitu mbele za watu kabla sijakizunguka pande zote nikakitazama.

Jumatatu nikaingia kidato cha tatu, skafu nimeiacha nyumbani, natetemeka, nikaandika ubaoni kichwa cha somo na mwaka wa tukio tulilokuwa tunalisoma. Mkono ukanyooshwa nyuma ya darasa. Felista.

"Madam, huo mwaka umekosea."

Nikafungua kitabu, nikatafuta ukurasa. Kweli nilikuwa nimekosea. Na mwaka huohuo nimeuandika hivyohivyo kwenye ubao huohuo kwa miaka minne, darasa baada ya darasa, na wote walinakili tu wakakaa kimya.