Mawe Aliyoyakamua Bibi wa Kakuma

Miaka ya sabini nilipokuwa karani Lodwar, nilikuwa kijana mwenye maringo mengi na suruali moja nzuri. Nilitoka Magharibi, nikapelekwa Turkana bila kuulizwa, na mwaka wa kwanza kazi niliyoifanya kwa bidii ni kulalamikia joto. Kisha nikasikia habari za pango.

Aliyelitaja ni dereva wetu, Mturkana wa upande wa Kakuma. Alisema kando ya barabara ya kwenda kwao kuna kilima cha mawe meupe ya chokaa, na ndani yake mawe yananing'inia kutoka juu. Aliyasema hayo huku akibadilisha gurudumu, wala hakuona kuwa ni habari. Mimi moyo ulinienda mbio. Niliwahi kuona gazetini picha ya pango la Ulaya, taa zimewashwa ndani, wageni wamejipanga, na mbele yao mtu wa kuwaongoza, kofia kichwani, fimbo mkononi. Nilimwonea wivu sana yule mwenye fimbo.

Nikamweleza mkubwa wangu kwamba wazungu wanaokwenda kuvua samaki ziwani wangeweza kupitishwa pangoni pia. Akaniambia nilitayarishe, naye atakuja kuliona. Likimpendeza, litawekewa geti na mimi nitakuwa msimamizi wake. Jioni hiyohiyo nilianza kuulizia bei ya kofia.

Nilipofika na dereva, tulikuta tawi kubwa la mgunga limelazwa mlangoni, miiba yake imetazama nje. Dereva akasimama. Alisema hilo ni la mtu, afadhali tungoje. Nikamjibu kwamba hizo ni takataka, nikalivuta mwenyewe, likanichana mkono hadi kwenye kiwiko, nikalitupa bondeni.

Ndani niliwasha karabai, na nakiri nilisahau ule mkono. Mawe yalishuka kutoka juu meupe na membamba, mengine yameungana na wenzao waliopanda kutoka chini. Papo hapo nikaanza kuyapa majina ya kuwasomea wageni: Bibi Harusi, Mkungu wa Ndizi, Kwaya ya Jumapili. Kilichoniudhi ni vibuyu vikuukuu na makopo ya mafuta ya kupikia yaliyojaa kila mahali. Nikavirundika vyote nje juani, nikafagia vizuri. Dereva alikaa garini akinitazama.

Wiki moja baadaye nilimleta mkubwa. Tawi lilikuwa limerudi mahali pake, na mbele yake ameketi bibi mmoja, shanga zimempanda hadi kidevuni. Hakutusalimu. Mkubwa akamwamuru dereva aliondoe lile tawi, na dereva, ambaye sikuwahi kumsikia akikataa lolote, akakataa kwa adabu.

Akatueleza tukiwa tumesimama juani. Kwao, maji uliyoyafungua kwa mikono yako ni yako, na ukiyawekea mwiba umeyafunga. Mturkana mwingine hawezi kuugusa mwiba huo bila ruhusa yako. Kwa hiyo nilichokitupa bondeni kilikuwa mlango wa mtu. Vile vibuyu na makopo vilikuwa vinakinga matone, na hayo ndiyo maji yote ya bibi huyo wakati wa kiangazi, maana kisima cha mtoni kilikuwa mbali na miguu yake haikumfikisha tena. Siku ile niliyofagia, mbuzi wa watu waliyanywa maji yote ya vile vyombo nilivyovitoa nje, wakaingia pangoni na kuchafua, na vibuyu vyake vikapasuka kwa jua. Wana-mbuzi wake wawili walikufa kwa kiu. Likiwekwa geti, atauza waliobaki aende kuombaomba nyuma ya maduka ya Kakuma.

Aibu ilinishika hadi masikioni. Mkubwa akajifuta jasho, akasema kwamba kama mimi ndiye msimamizi, basi nisimamie. Nikachuchumaa mbele ya bibi, nikamwamkia kwa neno pekee la Kiturkana nililolijua, "Ejok, mama. Nimekosa." Sikujua niongeze nini, nikamwonyesha mkono wangu uliochanwa. Aliutazama, akacheka mpaka shanga zikatikisika. Kisha akataka tumbako. Mkubwa akatoa kopo lake la tumbako ya kiko, bibi akainusa, akasema hiyo ni ya watoto, na hata hivyo akalichukua kopo zima. Akaliinua tawi.

Ndani alitangulia yeye, na fimbo ilikuwa yake. Nilipoanza kumweleza mkubwa habari za Bibi Harusi, alinivuta shati.

"Hii si bibi harusi, karani. Hii ni mbuzi yangu ya kwanza. Iko na maziwa mingi."

Tukapita jiwe kwa jiwe. Hili hujaza kibuyu kabla ya adhuhuri, lile lina uchoyo, lile pale lilikauka mwaka aliokufa mumewe. Kila moja lilikuwa na rangi yake ya mbuzi na tabia yake, na Kwaya ya Jumapili yote ilikuwa ni mapacha wenye vurugu. Mkubwa alikuwa akicheka kama mtoto. Bibi akampa maji, akayanywa yote bila kupumua.

Kisha, kwa sababu alikuwa mtu wa serikali, akauliza kama geti linaweza kuwekwa. Dereva alikuwa bado anatafuta maneno ya kutafsiri, bibi akajijibia.

"Jiwe ni ya serikali, chukua. Maji ni yangu."

Tukarudi Lodwar. Mkubwa aliposhuka garini, alisema ripoti ni yangu, niandike nilichokiona, naye ataitia sahihi vyovyote itakavyokuwa.

Niliitafuna kalamu siku tatu. Nilikuwa naitaka ile kazi, sitaficha, na kumwachia mtu mwingine ndoto yako kunauma hata kama ni ndoto ya kofia. Mwishowe niliandika kwamba pango ni dogo, lina popo, na halina cha kumfurahisha mgeni. Ni ripoti ya uongo, na sijawahi kuandika nyingine nzuri kama ile.

Baada ya mvua nilipita nikienda Kakuma, nikampelekea tumbako kali. Alinishika mkono, akanipitisha nyuma ya wale mapacha, kwenye ufa ambao sikuwahi kuuona, tukatambaa. Tulipotokea upande wa pili nikainua karabai. Palikuwa na ukumbi mpana, mapazia ya mawe meupe kutoka juu hadi chini, na kidimbwi cha maji matulivu. Nilisimama mdomo wazi. Wale wa gazetini hawakuwa na kitu.

"Hii pia utaandika?" akaniuliza.

Nikamwambia kalamu yangu imekwisha wino.

Aliitazama ile kalamu mfukoni mwa shati langu, mpya, wino wake unaonekana hadi juu. Akaigonga kwa kidole.

"Kweli," akasema, "imekwisha."