Bwana Chumvi wa Mwera

Nakumbuka siku moja, mwanangu, kila nionjapo chai yetu hii ambayo hata uitie sukari vipi, chumvi haifichiki.

Hapa Mwera alikuja Mjerumani, mtaalamu wa fizikia. Alipanga chumba kwa bibi yangu, akila mhogo na dagaa kama sisi. Kazi yake kupima maji ya visima. Akatuonya: "Maji yenu matamu yamekaa juu ya maji ya bahari. Mkichimba sana mkayavuta kwa mashine, bahari itapanda." Tukamwita Bwana Chumvi, naye akiitika na kucheka.

Akarudi kwao, akaingia siasa, akachaguliwa. Tulifurahi utadhani kachaguliwa mtoto wa hapa.

Miaka ikapita, akaja na msafara wa magari kuzindua kisima kirefu cha mashine, zawadi ya nchi yake. Mgeni njoo, mwenyeji apone! Ngoma, vigelegele, shada la maua shingoni. Bibi akanyanyuka na mkongojo wake.

"Mwanangu, ile bahari uliyosema iko chini, imehama?"

"Shikamoo, bibi! Siku hizi mimi mwanasiasa. Hayo nimewaachia wataalamu."

"Marahaba. Na yule mtaalamu aliyelala kwangu kafa lini? Mbona hatukuitwa kuzika?"

Watu wakaangua kicheko, nami nimo. Bibi akanigeukia. "Cheka, mjukuu wangu. Mimi naondoka. Utakayekunywa ni wewe."

Utepe ukakatwa. Mwanzoni maji yalikuwa matamu, tukamwona bibi kazeeka tu. Kisha yakaanza kukolea chumvi, na visima vya jirani vikafuata. Migomba ikanyauka. Vijana wakahamia mjini mmoja mmoja, na bibi tukamzika.

Juzijuzi Bwana Chumvi alirudi, mzee, peke yake, hana cheo. Nikamtekea. Akanywa kikombe kizima, machozi yakamlengalenga.

"Nilijua," akasema.

Nilitaka kumkasirikia, nikamwonea huruma. Lakini maji yakimwagika hayazoleki, na kujua kwake hakukututamishia kisima.

Basi, mwanangu, ukilijua jambo liseme, hata ngoma zikilia kwa ajili yako. Na mtu mzima akiuliza, usimzime kwa kicheko. Sisi huku tumeshachelewa, sikufichi.

Nenda salama huko uendako, Mola akutangulie. Ukiomba cheo akupe, ila asikupe kile kitakachokusahaulisha unachokijua. Amina.