Miche Niliyoificha Nyuma ya Banda la Kuku

Niliitangaza kuwa imekufa miche arobaini ya mninga iliyokuwa hai. Tena niliitangazia nafsi yangu tu. Mwenye miche nilimficha.

Mwenyewe ni bibi misitu wa hifadhi moja upande wa Geita, ambako mininga imekatwa ikabaki ya kutafutwa. Mbegu alizichuma kwenye mti mmoja mkubwa, na haukupita muda wezi wa mbao wakauangusha. Akaotesha, akaniletea miche hapa mtaani kwetu Kambarage niitunze. "Baba, wewe hutoki nyumbani," alisema. Sijawahi kusifiwa kwa kukaa. Sikumwambia kuwa kitanda ninachojilazia mchana ni cha mninga.

Kiangazi kilipokolea, majani yakapukutika. Nikamwagilia asubuhi na jioni. Wapi! Vijiti vikakauka, ukigusa vinakatika. Nikavisogeza viriba vyote, vile vifuko vya miche, nyuma ya banda la kuku, nikavifunika gunia. Bibi misitu akipiga simu, nasema, "Imepumzika tu, mama."

Jirani yangu, mama mwenye kuku wengi na maneno mengi zaidi, akachungulia. "Imekufa hiyo. Nimwagie huo udongo nipandie mchicha."

"Kesho," nikamjibu. Kila aliponiuliza, nilijibu kesho.

Mvua zilipoanza, bibi misitu akatokea na gari bila taarifa. Shikamoo yake niliiitikia nikitazama viatu. Nikamwongoza nyuma ya banda kama naenda kumwonyesha kaburi, huku nimeshaanza kuungama.

Gunia upepo ulishalichukua. Ndani ya viriba, chipukizi, urefu wa kidole! Vitatu tu ndivyo vilikuwa vitupu.

"Unaungama nini, baba? Mninga mchanga ndivyo ulivyo. Kiangazi unakauka juu, mzizi unaendelea chini, hivyo hivyo miaka kadhaa. Si nilikueleza?"

Alinieleza. Siku ile nilikuwa nawaza chai iliyokuwa inapoa ndani.

Nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikacheka mpaka kuku wakanyamaza. Tulipomaliza kupakia miche garini, nikaanza kumsimulia jirani jinsi nilivyoutunza msitu. Akanikatisha:

"Usijisifu, jirani. Ungekuwa mchapakazi, saa hizi tungekuwa tunakula mchicha."