Filamu Niliyoitafsiri kwa Utani

Mwanangu, kuna Ijumaa moja ambayo haijanitoka moyoni hadi leo. Nilikuwa kijana, dereva wa familia moja ya Waarabu hapa Doha, na Kiarabu nilikuwa nimeshakishika. Siku za mapumziko, Wakenya na Waganda tulikusanyika mtaa wa Muaither kwa rafiki yetu mwenye runinga kubwa. Filamu nyingi zilikuwa za Kiarabu, kwa hiyo kazi yangu ilikuwa kusimama kando ya runinga na kuwatafsiria wenzangu kwa Kiswahili, nikichomekea utani wangu. Watu waliupenda utani kuliko filamu, nami nilijua hivyo.

Ijumaa hiyo filamu aliileta Mzee Ojok, mlinzi kutoka Uganda, mtu asiye na maneno mengi. Aliniita pembeni akaniomba nitafsiri taratibu, kwa sababu binti yake Grace angekuja. Grace alikuwa nesi, mgeni Doha, aliyelelewa Kenya na mama yake. Tangu afike, yeye na baba yake walikuwa wakisalimiana kwa simu tu. Nilimjibu "sawa, mzee" huku macho yangu yakiwa kwa waliokuwa wakiingia.

Filamu ilimhusu mwalimu aliyempenda binti wa tajiri, wakaoana, wakapata mtoto, kisha serikali ya nchi yao ikapinduliwa. Askari wakaanza kuwasaka walimu. Mwalimu akampakia mkewe na mtoto kwenye lori la kwenda mpakani, yeye akabaki chini. Mkewe akamuuliza kwa nini hapandi. Akamwambia kwamba kwenye kizuizi cha mbele wanalo jina lake, na wakimkuta ndani ya lori watawashusha wote watatu.

Hayo ndiyo aliyoyasema. Mimi nilibana sauti nikasema, "Nenda salama, mke wangu. Wa pili ananingoja, na chai inapoa."

Chumba kizima kikaangua kicheko. Grace alicheka hadi akafuta machozi. "Wanaume ni wale wale," akasema, "kumbe hata Waarabu!" Mzee Ojok alikuwa ameketi karibu naye, akitazama viganja vyake.

Siku chache baadaye alinikuta nikiosha gari, akasimama mpaka nikafunga maji. Hakupandisha sauti.

"Mimi ndiye niliyebaki chini lori likiondoka," aliniambia. "Binti yangu anadhani niliwatupa. Kumwambia mwenyewe nimejaribu, siwezi. Filamu ile nilikuwa nimeshaelezwa maneno yake, nikataka ayasikie kwa mtu mwingine."

Nilimwahidi kwamba nitamweleza Grace. Wiki hiyo bosi akawa na safari, iliyofuata gari likawa gereji, sababu hazikunikosa. Ukweli ni kwamba niliona aibu. Mkataba wa Mzee Ojok ukaisha, akarudi kwao, na huko akafariki. Habari hiyo iliponifikia ndipo nilipompigia Grace nikamweleza yote, maneno ya yule mwalimu na ya baba yake.

Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza, "Siku ile ulijua alichosema yule mtu?"

Nikamwambia nilijua.

"Na mimi nilicheka," akasema, "baba akiwa hapo hapo." Akakata simu, na hajaipokea tena simu yangu.

Basi nisikilize, mwanangu. Mtu akikuomba umfikishie maneno, yafikishe yalivyo, hata kama huoni uzito wake. Mara nyingi hatakueleza kwa nini yana uzito. Sikukatazi utani, mimi mwenyewe bado naupenda, lakini usiufanye kwa kitu cha mwenzako. Na ukigundua umeharibu, usingoje aibu ipungue ndipo uende kusema. Yangu haijapungua hadi leo. Nenda siku hiyo hiyo, wakati wanaohusika bado wanaweza kuketi pamoja.

Mungu aulinde ulimi wako. Akupe miguu myepesi ya kurudi ulikokosea, na wale unaopaswa kuwaambia neno awaweke hai mpaka ufike.