Kamera ya Mlango wa Jikoni kwa Mayu Kwandu

Januarius Mihayo alikuwa ametimiza miaka hamsini alipoitwa Ngulyati kurekebisha kamera, na kwa miaka ishirini na mitano hakuwa amekaa nyumbani kwa bibi kizee yeyote jua likizama. Watu wa Bariadi hawakulijua hilo. Walimjua kama fundi mpole, mwenye pikipiki nyekundu yenye ngazi ubavuni, asiyependa kazi za jioni.

Ufundi aliuanzia kwenye kiwanda kimoja cha ushirika cha kuchambua pamba, mwaka 1990, akimfuata fundi umeme nyuma na mfuko wa koleo. Miaka minne baadaye biashara ya pamba ikaachiwa huria. Wanunuzi binafsi wakaja na mizani yao mpaka vijijini, na mashine za kiwanda chao zikaanza kukaa kimya msimu baada ya msimu. Kufikia 1996 Januarius hakuwa na ajira. Tangu hapo aliishi kwa kufuata kila kilicholetwa na soko: redio, halafu madishi, halafu simu za mkononi, na mwishowe hizi kamera ndogo nyeupe ambazo watoto walioko mbali huwafungia wazazi wao ili wawaone kwenye simu.

Aliyempigia alikuwa Monika, mtumishi wa serikali aliyekuwa akifanya kazi Dodoma.

"Shikamoo, fundi. Mama yangu anaishi peke yake Ngulyati. Nilimfungia kamera mbili, moja getini, moja mlango wa jikoni. Zinakatika kila mara, na aliyezifunga hapokei simu tena."

"Zinakatika zote?"

"Zote. Ya jikoni ndiyo imezidi."

"Ulizifunga kwa sababu ya wezi?"

"Macho yake ni mekundu, fundi. Ni moshi tu, amepikia kuni miaka sitini. Lakini mwezi wa pili mtoto wa jirani alifariki, na watu wameanza kusema maneno ya uchawi. Wewe ni wa huku, unajua."

Januarius alijua. Alikubali kwenda, ila asubuhi.

Mama yake Monika aliitwa Kwandu. Alikuwa mwembamba, mrefu, na macho yake kweli yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyetoka kulia. Alimpokea Januarius uani, akifuta mikono kwenye kanga.

"Mwangaluka, mayu," Januarius alimwamkia kwa Kisukuma, akimwita mama.

"Mwangaluka, ng'wanone, mwanangu. Wewe ndiye wa hayo madude? Pita."

Kosa la kwanza halikumchukua dakika tano. Ruta iliyogawa mtandao, ile ya kutumia laini ya simu, ilikuwa chumbani kwa mama, juu ya kabati, nyuma ya kioo, imefunikwa kitambaa cha kufuma ili isiingie vumbi. Ilikuwa ya moto kama pasi. Kutoka pale mawimbi yalipaswa kuvuka kuta mbili za matofali ya kuchoma, kisha ua, ndipo yafike jikoni, ambako bati lilishuka chini mpaka usawa wa kamera. Aliitoa, akaiweka dirishani sebuleni panapotazama uani. Akaishusha kidogo na kamera ya jikoni ukutani kwa ndani, itoke usawa wa bati, ikitazama meko na mlango.

Kosa la pili lilikuwa ndani ya ruta yenyewe. Ilikuwa ikitoa mawimbi ya aina mbili kwa jina moja, yale ya kasi yasiyofika mbali na yale ya polepole yanayofika, na kamera zilielewa haya ya pili tu. Ruta ilipojaribu kuzisukumia yale ya kasi, zilipotea. Akayatenganisha, kila aina na jina lake, akaziunganisha kamera upya. Kisha akampigia Monika.

"Nitumie ruhusa na mimi nizione kwenye simu yangu, nizijaribu nikiwa mjini. Kazi ikiisha utanitoa."

Monika akamtumia. Picha zikafunguka, geti na mlango wa jikoni, safi kabisa. Mayu Kwandu alimpa chai na michembe ya viazi vitamu, naye aliondoka saa nane mchana.

Siku ya tatu Monika akapiga tena. "Ya getini haijazima hata mara moja. Ya jikoni inazima saa kumi na mbili na nusu jioni. Kila siku. Inarudi kwenye saa mbili."

Jioni hiyo Januarius alifungua simu akiwa dukani kwake. Mayu Kwandu alionekana ameinama mekoni, mgongo kwa mlango. Ilipofika saa kumi na mbili na nusu picha ikaganda. Bibi yule aliganda nayo, mwiko mkononi, na nyuma yake mlango ukiwa wazi, na nje ya mlango pakiwa na ule weusi wa bluu wa jua lililotoka kuzama. Januarius aliitazama picha hiyo, hasa ule mlango. Akaifunika simu mezani.

Kifundi hapakuwa na fumbo kubwa. Kamera mbili zilitumia ruta moja na laini moja. Kama moja inabaki na nyingine inazima, basi tatizo si mtandao. Ni umeme. Na umeme unaokorofisha jioni lazima upimwe jioni. Alilijua hilo siku hiyohiyo, lakini ilimchukua siku nne kwenda. Alimwambia Monika anasubiri kifaa kutoka Mwanza. Hakukuwa na kifaa.

Sababu yake ilikuwa hii. Shangazi yake Januarius, dada wa baba yake, aliitwa Nyanjige. Alikuwa mjane, akiishi na mwanawe mmoja, Nyanda, ambaye mara nyingi alikuwa machungani na ng'ombe wa watu. Mwaka huo wa 1996 watu walianza kumnong'ona kama walivyomnong'ona Kwandu sasa. Januarius, aliyekuwa ametoka tu kuachishwa kazi, alichukua betri kuukuu ya trekta aliyopewa kiwandani, akamfungia shangazi taa mlangoni. Taa ile iliangaza ua mzima. Nyanjige alifurahi, akawa anakula akiwa ameketi chini ya taa yake.

Betri ikaisha nguvu. Siku ya Jumanne, Januarius aliifunga kwenye baiskeli akaipeleka Bariadi kuchajiwa, akamwambia shangazi atarudi nayo kesho yake. Mjini akakutana na mnunuzi mmoja wa pamba ambaye jenereta lake lilikuwa limekufa. Ilikuwa kazi ya kwanza kupata tangu kiwanda kisimame. Akabaki Jumatano, akabaki Alhamisi. Alhamisi hiyo, saa ya ugali, watu wawili waliingia kwa Nyanjige na mapanga kupitia upande wa jikoni. Ijumaa asubuhi Januarius alifika na betri nyuma ya baiskeli, akakuta watu wamejaa uani. Akaishusha chini ya ukuta, akazika pamoja na wenzake, akaondoka. Hakuna aliyemuuliza chochote, naye hakusema.

Siku ya tano akaenda Ngulyati, akafika saa kumi na moja na nusu. Mita yake ya kupimia umeme ilionyesha volti mia mbili na kumi kwenye soketi ya jikoni. Mashine ya kusaga ya jirani ilipowashwa ikashuka hadi mia moja na sabini. Bado kamera iliwaka. Mayu Kwandu akaleta ndoo ya maji, akatumbukiza hita ya kuchemshia, akaichomeka. Namba kwenye mita zikaporomoka hadi tisini, na kamera ikazima, ikawaka, ikazima tena.

"Kila siku unachemsha maji saa hii, mayu?"

"Naoga kabla ya kulala. Monika aliniletea hiyo hita, eti nisihangaike na kuni."

Waya uliotoka nyumba kubwa kwenda jikoni ulikuwa mwembamba kama wa redio, umeungwa katikati kwa kusokotwa na kuzungushiwa selotepu. Januarius alikuja na waya mnene. Aliubadilisha mbiombio, mkono mmoja ukishika tochi, na kila mara aligeuka kutazama mlango. Akaweka na kiboksi cha betri cha kuishikilia kamera, na kingine sebuleni cha ruta, hata umeme ukikatika kabisa. Mayu Kwandu akamwambia, "Kaa ule, ugali uko tayari." Akasema ana haraka, akaondoka bila kunawa mikono.

Kamera haikuzima tena. Monika alishukuru, na kwa shughuli zake akasahau kumtoa Januarius kwenye orodha ya wanaoona. Januarius hakumkumbusha.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika kwake. Kila siku saa kumi na mbili alifunga duka, akakaa kwenye stuli, akafungua simu. Alimtazama Mayu Kwandu akisonga ugali, akiosha miguu, akiongea peke yake. Alitazama mlango zaidi ya alivyomtazama mtu. Mke wake, Wilhelmina, alianza kuona chakula chake kinapoa kila jioni. Usiku alimsikia akisema, "Geuka, geuka," katika usingizi. Alipomuuliza, Januarius alisema ni kazi. Mara nyingine kwenye ile picha hakuwa na hakika aliyeinama mekoni ni nani, kwa sababu vibibi wote wakiinama hufanana migongo.

Ilipita miezi miwili. Siku moja ya Jumapili simu ikaita. Alikuwa Mayu Kwandu mwenyewe.

"Fundi, njoo kesho. Njoo jioni."

Alifika akamkuta mekoni. Hakumkaribisha kiti.

"Hii kamera ina kitaa chekundu," alisema Mayu Kwandu bila kugeuka. "Mtu akinitazama, kinageuka bluu. Nimemuuliza Monika mbona ananitazama kila jioni. Kaniambia jioni huwa yuko kwenye daladala, hanitazami. Basi nikafikiri, nani mwingine?"

Januarius alisimama na helmeti mkononi.

"Monika ni mtoto wangu," akaendelea bibi. "Nimemzaa, anione. Wewe umeniona nikiosha miguu, umeniona nimefungua kanga. Wewe ni nani kwangu?"

"Mayu, nisamehe."

"Sijakuitia samahani. Nimekuuliza."

Basi akamweleza. Alieleza akiwa amesimama palepale mlangoni, kuanzia kiwanda, taa, baiskeli, jenereta la yule mnunuzi, hadi Ijumaa asubuhi. Alipofika kwenye siku mbili alizobaki mjini aliirudia sehemu hiyo mara tatu. Mayu Kwandu aliacha kusonga. Ugali ukaanza kuungua chini.

"Umewahi kumwambia nani?"

"Hakuna."

"Hata mkeo?"

"Hata mke wangu."

Bibi akaepua chungu, akakaa kwenye kigoda. Nje giza lilikuwa limeshaingia. "Sitakwambia kwamba ile taa ingemponya, wala kwamba isingemponya," alisema. "Sikuwepo. Ila mimi taa ninazo, na hizo kamera ninazo, na bado naogopa kila jioni. Hilo naweza kukwambia, kwa sababu nalijua."

Januarius aliiweka helmeti chini.

"Lete hiyo simu. Unifute humo, nikiona," bibi akamwambia.

Akaifungua, kitaa kikageuka bluu, akafuta mbele yake. Bibi alitazama juu mpaka kitaa kikarudi chekundu, ndipo akasogeza kigoda cha pili. Walikula ugali ulioungua na mlenda. Januarius aliketi akiupa mlango mgongo, shingo imemkakamaa, na hakugeuka mpaka walipomaliza.

Usiku uleule akamwambia Wilhelmina yote. Kesho yake akampigia Monika akamweleza kuhusu miezi miwili ile. Monika alisikiliza hadi mwisho. "Nilikuaminia mama yangu," alisema, "na wewe ukanyamaza." Akabadilisha namba ya siri, na hakumpigia tena Januarius kwa kazi yoyote. Januarius aliona ni haki yake. Lakini mwezi uliofuata alisikia Monika amemtafutia mama yake mtu wa kuishi naye, Precious, binti wa dada yake Monika. Maneno ya majirani hayakwisha, ila yalipungua nyumba ilipokuwa na watu wawili. Mayu Kwandu yu hai mpaka leo.

Ilibaki kumwambia Nyanda, mwana wa shangazi. Hilo lilimchukua Januarius karibu mwaka. Alimkuta binamu yake kwenye boma lilelile la shangazi, ua wa minyaa umekuwa mrefu kuliko nyumba, naye akamweleza wakiwa wamesimama kwenye zizi tupu.

Nyanda alisikiliza akichokonoa mti kwa kucha. "Mama alikungoja Jumatano," alisema. "Alhamisi hakukungoja. Asubuhi nikitoka na ng'ombe alisema, huyo kapata kazi, ashukuriwe Mungu." Akabandua kipande cha gome. "Nilikuwa nakuchukia, unajua. Si kwa ajili ya taa. Kwa kuwa hukurudi hapa tena. Mimi nami nilikuwa machungani, nilifika wa mwisho. Nilitaka mtu wa kukaa naye."

Hawakukumbatiana wala kulia. Nyanda alimwonyesha kaburi, ambalo lilikuwa limezama upande mmoja, na wakakubaliana kulijengea kabla ya mvua. Walilijengea kweli, wakibeba matofali wao wawili.

Januarius bado anamwona shangazi. Wilhelmina anasema zile "geuka, geuka" zimepungua, hazijaisha. Kazi ya kamera anaendelea nayo, kwa sababu wanaoitaka ni wengi, na siku hizi jioni akiitwa anakwenda. Kilichobadilika ni kwamba kabla ya kufungua ngazi anauliza swali ambalo si la ufundi, na wateja wengine humkasirikia. Juzi mwanamume mmoja alimpeleka Lagangabilili kwa mama yake, nyumba mpya, bati la bluu.

"Mtandao hapa unashika vizuri," yule bwana alisema. "Nataka nne, kila kona moja."

"Nimesikia," Januarius akajibu. "Na mama, nani anaishi naye?"

"Fundi, nimekuita kufunga kamera."

"Nitafunga. Nimeuliza nani anaishi naye."

Yule bwana aliangalia chini, akasogeza kokoto kwa kiatu. Halafu akatoa simu akasema ngoja ampigie mdogo wake. Januarius akakaa juu ya pikipiki, akamsubiri amalize kuongea.