Neno Alilopewa Mama Mdogo

Mama mdogo ameshona katika duka lile la magauni tangu sijazaliwa. Anashonea mkono wa kushoto, anaimba vibaya, na akikasirika anaweka pini mdomoni ili asiseme kitu. Kila nguo anayomaliza hubandikwa lebo ya jina la tajiri mwenye duka, ambaye sijawahi kumwona ameshika sindano.

Juzi nilimpitia nikitoka shule, nikamkuta mgeni, mbunifu wa mavazi aliyeitwa na tajiri, akichagua mkuu wa mafundi wa duka. Kila fundi alionyesha gauni moja. Mama mdogo alikuwa akikitamani cheo hicho mpaka anakiota.

Mgeni akaligeuza gauni lake, akatabasamu, akasema kwa Kiingereza: “Promising.”

Mafundi wakapiga makofi.

“Anasemaje?” mama mdogo akaninong’oneza.

“Anasema una dalili ya kufanikiwa. Ukiendelea hivi utafika mbali.”

“Nitafika? Kwani nilikuwa wapi siku zote hizi?”

Nikamweleza. “Neno hilo huambiwa mtu anayeanza vizuri, mama mdogo. Mwalimu wetu humwambia mwanafunzi mpya. Aliyekwisha kubobea haambiwi hivyo.”

Akazitafuta pini zake. Kabla hajazipata, mgeni akalionyesha gauni jekundu la dirishani. Aliyelishona lile, akasema, ndiye fundi hasa! Akasoma jina kwenye lebo, akamgeukia tajiri kumpongeza. Na tajiri, jamani, akainamisha kichwa kwa haya kama bibi harusi!

Gauni lile mama mdogo alilishonea nyumbani kwetu, mimi nikishika pindo.

Mama mdogo alikwenda dirishani, akaivua sanamu gauni, akachukua mkasi, kachu! Lebo ikaanguka sakafuni.

“Mwambie nimelishona mimi. Usipunguze hata neno.”

Nikamwambia mgeni yote kwa Kiingereza. Mgeni akamtazama tajiri.

“Sisi hapa ni familia moja,” tajiri akajibu.

“Familia gani hiyo, ambayo jina langu halimo?” mama mdogo akamuuliza.

Nikalitafsiri na hilo. Tajiri akainama, akaokota lebo yake. Mgeni akaomba radhi, akasema neno lake analirudisha, na mkuu wa mafundi amepatikana.

Tulirudi nyumbani pamoja. Mama mdogo alikuwa akiimba vibaya kuliko kawaida.

“Lile neno lake,” akaniambia, “lichukue wewe. Kile kifungo ulichoshona jana kinaning’inia, ila kinaonyesha dalili.”