Yule Aliyenyamaza

Siku yangu ya kwanza katika wodi ya watoto mjini Meru, vilio vilinipokea tangu mlangoni. Nilikuwa nimepiga unifomu pasi mpaka ikakakamaa, na nikajiona muuguzi kamili. Sista mkuu wa wodi, mama mnene wa mwendo wa polepole, akaniuliza nitaanza na nani. Nikamkimbilia mtoto aliyelia kuliko wote.

"Huyo ako na nguvu," akasema. "Kwanza enda kwa ule mwenye amenyamaza."

Hadi nilipohamishiwa Embu, yeye ndiye aliyenifunza kazi. Mtoto anayetambaa, alisema, hujigonga magoti na paji la uso. Masikio na shingo hajigongi. Mtoto ambaye hata kugeuka hajajua akivunjika paja, kuna mtu wa kuulizwa. Lakini mzazi usimrukie, kwani alama za bluu matakoni watoto wetu wengi huzaliwa nazo.

Kisha akaletwa Kendi kutoka Kibirichia, msichana wa miaka miwili hivi, miguu yote miwili imeungua. Baba yake alikuwa mcheshi ajabu. Alituletea ndizi kutoka soko la Gakoromone, wodi nzima ikampenda. Mama alikaa tu, macho sakafuni.

"Sista, huyu ni mtundu sana," baba akaniambia. "Aliingia kwa besheni ya maji moto mwenyewe."

Mtoto anayeingia mwenyewe hutanguliza mguu mmoja, akaruka, na maji yakamrukia huku na kule. Miguu ya Kendi ilikuwa imeungua sawasawa hadi juu ya vifundo, kama aliyevaa soksi. Na nilipombadilishia bandeji, maumivu ya kumliza hata mtu mzima, alimtazama baba yake na hakutoa sauti. Nikamwita sista mkuu.

"Kesho naenda na yeye nyumbani," baba akasema.

"Baba Kendi, huyu haendi mahali," sista mkuu akamjibu kwa upole, kisha akamwita daktari, na daktari akamwita afisa wa watoto.

Mama alipoketishwa peke yake, alisema yote. Kendi alikuwa amekojoa kitandani, na baba akamshikilia ndani ya maji. Polisi walimchukua mwanamume huyo, na mama akapangiwa kurudi kwa wazazi wake na mtoto.

Nilipombadilishia bandeji tena, Kendi alipiga yowe lililotikisa madirisha, akanipiga teke la kifua. Sista mkuu alikuja mbio, mara ya pekee niliyomwona akikimbia, akasimama mlangoni akicheka huku akifuta machozi.

"Wacha alie," akasema. "Hakuna mwenye atamnyamazisha."

Sasa nimestaafu, naishi Kinoru na wajukuu wenye makoo ya chuma. Majirani hunionea huruma. Mimi huendelea na chai yangu, nimeridhika kabisa. Wakinyamaza ghafla, ndipo ninapoweka kikombe chini na kwenda kuangalia.